Kabine ya Mashimo Mawili

Lubumbashi, upande wa Karavia
Aneksi, nyuma ya nyumba
Siku ya tatu, tarehe 8 mwezi wa kumi

Kwa Muheshimiwa Mukwe wangu, Papa Elisée
Nyumba kubwa, parsele hii hii, kiwanja kimoja

Kuhusu: kabine ya pisini

Mukwe wangu muheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima yote, ninyi munaokaa hatua arobaini kutoka hapa. Mutashangaa kupata barua wakati ninasikia hata mukikohoa. Lakini munajua kama mimi: mama mukwe hasimami uso kwa uso na mume wa binti yake na kuanza kumuhesabia maneno ya choo. Miaka kumi na moja tangu mulipomuoa Falonne, hatujapeana mukono, hatujala kwenye meza moja, na mukipita njia hii mimi ninapita ile. Bankambo betu, bazee ba zamani, balipanga hivyo, nami sioni kosa ndani yake. Basi ninaandika, tena katika Kiswahili tulichofundishwa na masista, si kile cha soko. Nikikasirika kitateleza, mutanisamehe.

Jambo lenyewe munalijua. Tangu wiki tatu fundi Fils anajenga kabine kule nyuma, ni kusema choo na dushi chini ya paa moja, meta mbili kwa meta mbili na nusu. Nilimuuliza Falonne ni ya nani. Akajibu, "Mama, iko ya bantu ba pisini," akakimbia jikoni, eti sufuria inaungua. Hakukuwa na sufuria motoni. Pisini hiyo ya kuogelea mulinunua pamoja na nyumba na sikusema kitu, kwa sababu pisini haikunijia mulangoni. Kabine imenijia. Nimeichunguza kila siku kutoka kiti changu, na ninasikitika kuwaambia kwamba yule aliyeichora hajui kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mahali. Nimehesabu kwa miguu yangu. Kutoka pisini mpaka mulango wa kabine ni hatua thelathini na mbili. Kutoka mulango wangu ni hatua kumi na nne. Muntu aliyelowa maji, tena ameshikwa na haja, atavuka majani yote ya uwanja na kaleso yake ya kuogelea, apite mbele ya dirisha langu, na kwa sababu amelelewa vizuri atasimama kunisalimia. Choo cha pisini kinajengwa kando ya pisini. Jamani, hata mutoto wa mwaka wa kwanza wa shule anajua hilo.

2. Kiti. Kiko kimoja. Hapa ninaomba musome polepole. Mama mukwe haketi kwenye kiti cha mukwe wake. Kule Kilwa, ile yetu ya ziwani, kwa ndugu yangu Aaron, mahali bantu banalala kumi katika nyumba moja, kiti cha mukwe kinatundikwa ukutani ili muntu asikikalie kwa bahati mbaya. Sasa ninyi munataka tukalie kiti kimoja, tena bila nguo? Neno hilo nimeliandika nikiwa nimefumba macho. Halafu ni kirefu, kirefu kama kiti cha Askofu. Batoto ba bageni batakikalia miguu ikining'inia.

3. Chini. Hakuna kizingiti. Kutoka inje mpaka ndani ya dushi ni sawa sawa, muntu anaweza kuingia akiburuta kandambili. Karo zenyewe, vile vigae vya chini, hazing'ai. Zinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Karo nzuri ziko dukani, zile za kumeta kama zilizo katika dushi ya nyumba kubwa, kwa nini hamukuchukua hizo? Tena ndani ya dushi Fils amejenga kibao cha simenti cha kukalia. Muntu anaoga akiwa ameketi? Anangoja nani?

4. Blauzi. Hii inamuhusu Falonne, lakini ninyi ni kichwa cha nyumba. Mwezi wa nane alinijia na kamba, akasema ananipima kwa ajili ya blauzi ya sikukuu. Akanipima nikiwa nimesimama, kutoka sakafuni mpaka kiganja. Akanipima nikiwa nimeketi, kutoka sakafuni mpaka goti. Akafunga mafundo kwenye kamba, akaenda zake. Mimi nimeshonea bantu nguo miaka ishirini na tatu, na sijaona blauzi inayoanzia sakafuni. Tena mpaka leo haijafika.

5. Chuma. Kando ya kiti, ukutani, kuna chuma kinene kilicholazwa. Kingine kiko katika dushi. Falonne anasema ni vya kutundika taulo. Siku ya posho, ni kusema jumamosi, nilimuona Fils akishika kimoja kwa mikono miwili, akainua miguu yote, akabembea. Fils munamujua, si muntu mudogo. Chuma hakikulia hata kidogo. Ninauliza kwa heshima: ni taulo gani katika nyumba hii yenye uzito wa Fils?

6. Mulango. Ni mupana kama wa sakristia na unafungukia inje. Kifungio chake muntu aliye inje anaweza kukifungua kwa mukia wa kijiko. Fils alinionyesha mwenyewe, na furaha nyingi. Choo kinachofunguliwa kutoka inje! Mukwe wangu, hicho si choo, ni duka.

Ninajua hapa mutataka kutaja mambo ya mwezi wa pili. Sikuanguka. Niliketi haraka katika dushi ya nyumba kubwa, na sikuona sababu ya kusimama mara moja. Mulikuwa peke yenu nyumbani. Nilikuwa nimefunga kwa ndani, lakini hata kama mulango ungekuwa wazi hamungeingia, na kama mungeingia ningewalaani. Mulimupigia simu Mama Léa wa jirani, kisha mukasimama inje ya mulango mukaimba wimbo wa kanisa, ili nijue kuna muntu. Mama Léa alikuwa mujini. Muliimba dakika arobaini mpaka alipofika, beti zote, mukafika mwisho mukaanza upya. Sauti yenu ni mbaya na sijawahi kuilalamikia. Tangu siku ile ninaogea hapa katika aneksi, na beseni, na simusumbui muntu.

7. Sauti, na lile la chini. Tuseme mumenisikia, mukajenga vyoo viwili, mulango wenu kule, mulango wangu huku, na ukuta katikati. Ni mwanzo muzuri. Lakini ukuta wa tofali moja hauzuii sauti, na mukwe akisikia mama mukwe anavuta maji, ni kama bamekwisha kuonana. Kwa hiyo ninaomba ukuta wa tofali tatu. Ninaomba pia mapipa mawili ya maji, maana pipa likiwa moja na maji yakapunguka, kila muntu atajua mwenzake alikuwa wapi. Nilifikiri tumemaliza. Kisha nikamuuliza Fils bomba la kabine linakwenda wapi. Akasema halina shimo lake: litapita chini ya majani, liingie katika shimo la nyumba kubwa, yote yakutane mule. Yakutane! Miaka kumi na moja hatujakaa kwenye meza moja, mimi na ninyi, ili tuje kukutana mule? Heshima tuliyoilinda juu ya udongo haiwezi kuvunjwa chini ya udongo eti kwa sababu bomba ni fupi. Ninaomba mashimo mawili, mbali meta kumi, na katikati mupande mugomba. Fils nimekwisha kumuambia.

8. Maji. Siku ya Mungu, baada ya misa, munaogelea. Siku ya kwanza ya kazi Fils anakuja na ndoo, anachota katika pisini maji yale yale, anachanganya simenti. Simenti inakuwa ukuta. Ukuta huo mimi nitauegemea. Munaona tumefika wapi? Basi pisini nayo igawanywe kwa ukuta. Lakini ukuta wa pisini utajengwa na maji gani? Nimelifikiria siku mbili na jibu ni moja: ijazwe udongo, nami nitapanda mboga za lengalenga. Pisini ikiisha, bantu ba pisini bameisha. Bantu ba pisini bakiisha, kabine haina kazi. Shida nane zimekwisha kwa mikokoteni michache ya udongo. Sijui kwa nini hamukunishauri tangu mwanzo.

9. Hili ndilo lenyewe. Muntu anajengewa choo inje kwa nini? Ili asiingie tena ndani. Kwanza choo chake, kisha sahani yake, kisha mufuko wake juu ya kamyo ya mizigo ya kwenda Kilwa. Barabara ya Kilwa munaijua; muzee anayepelekwa kule na mvua hii harudi. Nimeona bamama bengine bakifanyiwa hivyo pole pole, kwa adabu, na kila muntu anatabasamu. Mukwe wangu, kama munataka niende, semeni. Sitalia mbele yenu, maana desturi hainiruhusu hata kuwa mbele yenu. Lakini musinifukuze na simenti. Batoto benu nimebabeba mugongoni wote wawili, na asubuhi ninajua nani ameamka kwa namna anavyofungua mulango wa jikoni. Ninaogopa. Neno hilo nimeliandika mara moja na sitalirudia.

Ninamaliza kwa kuomba jibu la maandishi, mulipitishe kwa Falonne bila yeye kulisoma. Salamu kwa Princesse na Syntiche, bajukuu bangu, na bavae viatu. Salamu kwa Mama Léa. Salamu kwa Padri mukimuona siku ya Mungu. Salamu hata kwa Fils, ambaye ukuta wake umesimama wima ingawa ni ukuta wa dhambi. Mungu ailinde nyumba kubwa, na aneksi pia, kama bado anaihesabu.

Ni mimi, kwa heshima na kwa umbali unaotakiwa,

Julienne Musonda
Mama wa muke wenu

N.B. Hii ninaiandika juu ya bahasha, kwa sababu barua nimekwisha kuifunga na bukari, ule ugali wetu, na bukari ya Falonne ikikauka haifunguki. Falonne, kama unasoma hapa, hii si yako, pita.

Kabla ya kuituma nilikwenda kupima ndani ya kabine, ili malalamiko yawe na namba hapa juu ya bahasha. Fils alikuwa amekwenda kula. Niliingia, sikuinua muguu, kwa kuwa hakuna cha kuruka. Nikaketi kwenye kiti, na nguo zangu zote, kwa ajili ya uchunguzi. Nyayo zilifika chini sawa sawa, na magoti hayakulia. Nilipotaka kusimama mukono ulikwenda wenyewe ukutani, ukakuta chuma. Sikukitafuta. Kilikuwa pale pale mukono ulipofika. Nikasimama kama musichana. Nikaketi tena, nikasimama tena, mara sita. Mara ya saba Fils alinikuta. Akaona haya, akatoa mufukoni kamba yenye mafundo, akaniambia bwana wa nyumba alimukataza kupita fundo hata kwa unene wa kidole.

Basi blauzi yangu nimeiona. Iko ukutani.

Miaka kumi na moja hatujakaribiana, mukwe wangu, na munajua mukono wangu unafika wapi. Nimeelewa pia kwa nini hamukusema. Mukwe hawezi kumuambia mama mukwe wake kwamba amemujengea choo. Mama mukwe naye hawezi kumushukuru mukwe wake kwa choo. Kwa hiyo hakuna aliyesema kitu, na mimi hapa siwashukuru hata kidogo, wala sikulia mule ndani, Fils akisema nililia ni muongo.

Barua iliyo ndani musiifungue. Ila neno la nne, lile la blauzi, libaki, kwa sababu sikukuu inakuja na sina cha kuvaa. Pisini muiache. Mulango ufungukie inje vile vile. Kijiko cha kuufungulia nimekwisha kumupelekea Mama Léa. Na siku nikiketi haraka tena, imbeni, lakini mujifunze wimbo mwingine.

Fils aliniuliza kama achimbe lile shimo la pili. Nimemuambia aache, bomba langu liingie katika lile la nyumba kubwa. Shimo moja litatutosha.