Kamera ya Papa Mahmoudi Iko na Baridi

Jumatatu, 3 Novemba

Leo bwana yangu Jephté amepewa ufunguo ya jeep nyeusi! Jeep ya wageni, yenye viti ya ngozi na clim, ile mashini ya kupuliza baridi mupaka pua inatoka maji. Papa Mahmoudi, tajiri yake, amemupa mukononi mwenyewe. Mwaka jana Jephté alikuwa anabeba magunia ya makaa pale bandarini. Mugongo yake ingali inamuuma. Leo: jeep. Nimemusindikiza mupaka barabarani na mutoto yetu Naomie mugongoni, ili majirani waone. Nimemuambia apige honi sana. Amepiga kidogo. Ni mutu ya haya.

Djamila, muke ya Moussa, alikuwa anaanika nguo. Moussa naye ni shofere ya Papa Mahmoudi, lakini yeye iko na pikapu ya zamani, bila clim. Djamila hakuinua kichwa. Ameanika kitambaa, ameianua, ameianika tena. Nimefurahi sana.

Jambo moja tu. Kwenye kioo ya mbele ya jeep kuna kamera ndogo ya kuchukua picha ya barabara. Jeep ilitoka nayo Ulaya. Jumamosi Nyota, binti ya Papa Mahmoudi, anaolewa, na muzee anataka safari yote ya bibi harusi, toka nyumbani mupaka ndani ya kiwanja ya sherehe, iingie katika ile kamera. Lakini Jephté akiwasha clim, kamera inazima. Papa Mahmoudi amesema: Jumamosi picha ikikosa, ufunguo inaenda kwa Moussa, na Jephté anarudi kwa magunia.

Bon. Haitakosa. Mimi Fanny niko hapa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemupa Jephté shauri: Jumamosi asiwashe clim. Ameniuliza kama nimewahi kuona bibi harusi akipikwa. Ni kweli. Nyota atakuwa na poda na rangi uso muzima, na joto ya hapa itamufikisha akifanana na mushumaa. Donc clim lazima, na kamera lazima.

Tumeenda kwa fundi ya telefone, sokoni. Ameifungua ile kamera. Amesema waya ya kuleta moto kutoka kwa gari ilikufa zamani. Kamera inaishi na batri yake tu, na batri imezeeka. Ikipigwa na baridi, inalala. Dawa iko Kampala, itafika mwezi ujao.

Jephté amerudi nyumbani akihesabu siku kwa vidole. Mimi nilikuwa ninacheka ndani ya roho. Baridi! Kumbe ni baridi tu? Nimezaa wakati ya mvua kubwa, nyumba ikivuja juu ya kitanda, na leo angalia Naomie, mashavu kama mikate. Hakuna mutu katika jimbo nzima ya Tshopo wa kunifundisha habari ya baridi.

Jumatano, 5 Novemba

Alfajiri nimepakaa kamera mafuta ya ngazi, yaani mawese, kifuani na mugongoni, vile mama yangu anafanyaga kule Yanonge. Kidogo kwenye jicho pia, sababu baridi inapenda kuingilia pale. Kisha nimeivalisha kofia ya sufu ya Naomie. Jephté amekuwa na wasiwasi. Nimemuambia yeye ajue usukani, mimi ninajua watoto.

Jioni. Kamera imevumilia mupaka soko! Maendeleo. Shida: picha yote ni giza ya rangi ya waridi. Kofia ilifunika jicho. Nimekata tundu, Jephté amezunguka tena. Sasa watu wote wanaonekana kama wako ndani ya ukungu. Ni ile mafuta. Moussa amepita, amechungulia, na amemuuliza Jephté kama jeep ilikuwa inatembea chini ya maji, na kama samaki ya wale wavuvi Wagenia wamemusalimia. Kijana ya mudomo, huyu Moussa.

Jephté hakula. Ameenda kulala akishika mugongo. Nimefuta ile jicho mupaka imeng'aa. Sitaona bwana yangu chini ya gunia tena. Hapana.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejua! Mutoto haponi kwa kofia. Anapona kwa mwili ya mama.

Nimefunga kamera ndani ya kitenge, katikati ya mugongo yangu na tumbo ya Naomie. Tumekaa ndani ya jeep, Jephté amefungulia clim yote. Tumengoja. Tumengoja tena. Kamera hai! Taa yake nyekundu inawaka kabisa. Ni Naomie ndiye alianza kupiga chafya. Nimelia kwa furaha.

Inabaki kitu kidogo. Jumamosi kamera lazima ikae kwenye kioo, na mimi siwezi kulala juu ya kioo. Nimeuliza. Jephté amesema hapana.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilikuwa ninatoa kwanga, ile mukate ya muhogo, kwa sufuria. Imeniunguza vidole. Nimesimama pale kama mutu aliyeitwa na malaika. Kwanga ya moto, ndani ya majani yake, inatunza joto mupaka mutu anasahau ilipikwa saa ngapi!

Nimechukua kwanga ndogo na kuifunga nyuma ya kamera kwa kipande ya kitenge. Jephté amewasha clim, ameenda mupaka daraja ya muto Tshopo, amerudi. Picha wazi! Hata Djamila anaonekana, mudomo wazi pia. Jephté ametubeba juu, mimi na Naomie pamoja, amesahau mugongo kabisa. Ameniita injinia.

Injinia! Na niliachia shule darasa ya sita.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku kubwa. Asubuhi niko ndani ya jikoni ya harusi pamoja na wamama wengine, ninakata vitunguu, kamera ndani ya blauzi yangu ili ipate joto ya kutosha. Wakati imefika, nimeifunga kwenye kioo mimi mwenyewe, na kwanga mupya nyuma yake. Nyota amepanda. Muzuri, sina maneno. Clim imewashwa, honi zimelia, taa nyekundu inawaka. Bwana yangu mbele ya magari yote, akiwa na shati nyeupe!

Djamila amesema gari ya bibi harusi inanuka kwanga. Nimemuambia hiyo ni harufu ya akili.

Jumapili, 9 Novemba

Familia yote imekusanyika kwa Papa Mahmoudi kuangalia picha kwenye televisheni kubwa. Nimevaa kitenge mupya. Nimekaa mbele.

Mwanzo: giza. Kisha sauti. Sauti yangu. Kumbe ile kamera, mutu akiitikisa, inaamka na kuanza kuchukua yenyewe! Watu wote wamenisikia jikoni, ninaambia wamama kwamba Papa Mahmoudi anapimia Jephté mafuta ya gari kama dawa ya kikohozi: kijiko asubuhi, kijiko magaribi. Kisha, kwamba pilau ya Djamila inaweza kujenga ukuta. Kisha ninamuimbia Naomie, wimbo yote. Lazima niseme, sauti inatoka safi sana.

Kisha barabara! Pikipiki, watoto wanakimbia, wanawake wanapiga vigelegele. Muzuri! Lakini kabla ya kufika tunasikia Nyota akiuliza: «Kaka Jephté, hii kwanga ni ya nani?» Anasema toka jana wamemukatalia chakula ili gauni ifunge. Tunasikia majani yanapasuka. Tunasikia kutafuna. Tunasikia dada mwenye kumusindikiza anaomba kipande. Kisha televisheni nyeusi. Kamera imelala. Kuingia kwenye sherehe: hakuna.

Papa Mahmoudi amesimama, amenyoosha mukono. Jephté ametia ufunguo ndani. Sikuweza kumuangalia. Nilikuwa ninaona ile magunia tu.

Hapo Mama Safiya, muke ya muzee, ameanza kucheka. Amecheka mupaka ameanguka juu ya mito. Ameomba warudishe pale pa kijiko. Amesema toka alipoolewa anamuambia muzee neno hiyo, na muzee anajibu kwamba hakuna mutu mwingine anafikiri vile! Kisha amefuta machozi na kusema bila ile kwanga Nyota angezimia mbele ya wakwe, aibu ya familia nzima, na bwana ya mutu aliyelisha binti yake hatafukuzwa.

Papa Mahmoudi amegeuza ufunguo mukononi, amegeuza tena. Kisha amemurudishia Jephté, na amemuambia aende kujaza mafuta. Ijae! Watu wamepiga makofi.

Lakini kamera anaipeleka kwa pikapu ya Moussa, sababu kule hakuna clim ya kuisumbua. Na mimi nisiguse gari yake tena, hata kwa kidole. Nimeitikia. Nimeaga kamera. Nimemuambia Moussa aishike polepole, imezoea watu.

Jumatano, 12 Novemba

Jephté anaendesha. Mugongo hausemi kitu. Naomie anapiga makofi akisikia honi.

Jioni Djamila amekuja, kupitia mulango ya nyuma, kitambaa ya kichwa ameishusha mupaka kwenye macho. Ameniita Mama Naomie, dada yangu. Tangu lini! Amesema pikapu inashinda kwa jua, kamera inapata moto mupaka inachoma mukono, kisha inazima. Papa Mahmoudi amemuambia Moussa: Jumamosi ikizima tena, magunia. Amelia kweli. Ningeweza kucheka. Sikucheka. Mimi ni mama.

Nimemukalisha. Nimeuliza inachoma wapi, na kama asubuhi iko muzuri. Asubuhi muzuri, mchana inachoma. Lakini hiyo ni homa! Homa ni rahisi kuliko baridi, hata mutoto mudogo anajua. Muzee alinikataza kugusa, donc sitagusa, nimeeleza tu: maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, na kichwa iingie pia. Djamila amenikumbatia.

Nimemuazima beseni ya Naomie. Ile kubwa, ili izame yote.