Mkate Chini ya Pasi

Jumatatu, 9 Juni
Mama Bosi katangaza kuwa Ijumaa atachagua msimamizi wa chumba cha pasi hapa kwa dobi. Ni mimi au Mpole. (Mpole ni jina tu. Ana ulimi kama wembe.) Nakitaka cheo hiki kwa moyo wote. Dada, ambaye nalala sebuleni kwake, kasema nisipokipata nitafute pa kwenda.

Nusu ya tangazo sikuisikia. Nilikuwa nawaza slesi mbili za moto, zimepakwa siagi mpaka kwenye kingo. Nyumbani tosta kaifungia shemeji kabatini tangu nilipozima umeme wa nyumba nzima. Ana roho ngumu yule! Mara jicho likatua kwenye pasi. Bapa. Nzito. Ya moto.

Jumanne, 10 Juni
Majaribio. Mkate ndani ya karatasi, pasi juu, usikandamize. Moto wa hariri: mkate unapauka tu. Moto wa kitani: mkaa. Moto wa pamba: dhahabu! Nje unakatika kwa mlio mdogo, ndani laini kama shavu la mtoto. Nilikula nimefumba macho. Mvuke ukinizunguka, nikahisi naelea juu ya mashati, sina deni la pango wala shemeji.

Mpole akauliza harufu hii ya nini. Nikamwambia ni wanga mpya wa kukazia kola. Akaenda kusema kwa Mama Bosi, kama kawaida yake.

Jumatano, 11 Juni
Nimeongeza jibini. Siri ni kungoja kidogo kabla ya kung'ata, ili jibini itulie. Nikangoja. Nikasinzia nikiitazama. Kuzinduka, jibini imetambaa hadi mgongoni mwa shati jeupe la wakili. Nikakwangua, nikakunja, nikamwomba Mungu.

Alhamisi, 12 Juni
Wakili karudi! Nilijificha nyuma ya makoti. Kumbe kaja kushukuru. Kasema mahakamani kila aliyemkaribia alitabasamu, hata upande wa pili. Anataka mashati yake yote yanukie hivyo. Mama Bosi kaniita mwanangu mbele ya watu. Kesho nimwoneshe wanga wangu, na cheo ni changu.

Tatizo ni kwamba sina wanga.

Ijumaa, 13 Juni
Nilichemsha mkate mzima na siagi, nikachuja kwa soksi (safi), nikachovya shati la Mama Bosi mwenyewe. Lilipokauka lilisimama wima peke yake, limejaa makombo. Mama Bosi akalitazama, akanitazama, akauliza kwa upole kama nilikula asubuhi. Nikajibu sijala. Hapo Mpole akaonesha karatasi zangu zenye mafuta.

Cheo ni cha Mpole. Dada kaweka begi langu mlangoni. Roho iliniuma, sikatai. Mama Bosi kanionea huruma: nilale stoo ya dukani na nihamie mashine ya kukaushia. Kaniapisha kuwa sitaleta tena siagi wala jibini dukani.

Jumatatu, 16 Juni
Mashine ina dirisha la duara. Ndani yake taulo za hoteli zinazunguka polepole, zinapanda, zinaanguka. Joto lake ni la upole, linaenea kila upande sawasawa, jambo ambalo pasi haikuliweza kamwe. Nimeegemeza paji la uso kwenye kioo asubuhi nzima. Kiapo ni kiapo, na mimi ni mtu wa kutimiza ahadi.

Nimenunua jemu.