Chumba cha Binti, Sasa cha Salamanda

Jumatatu, 4 Agosti

Binti amepiga simu. Kitinda mimba wangu, yule anayefanya kazi mji wa mbali. Anakuja Jumamosi. Alhamdulillahi. Mama yake akamuuliza, utakaa siku ngapi, mama? Akajibu ataona. "Ataona" hiyo naijua. Mara ya mwisho aliona saa, akaondoka chai haijapoa. Na hata hizo dakika chache alizogawa, nusu akaenda kuchekea kwa mjomba wake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mjomba huyo ni shemeji yangu. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi. Ilikuwa pasi yake mwenyewe.

Safari hii atakaa wiki nzima. Kwangu. Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Nieleze mpango, maana hapa tuko wewe na mimi tu.

Binti alipokuwa mdogo tuliishi karibu na chemchemi. Baada ya sala ya alfajiri tulikwenda kuteka maji, mimi na yeye, tukifunua mawe njiani. Chini yake, salamanda. Asiyewajua atasema mjusi. Lakini mjusi ana magamba na anapenda jua. Huyu ana ngozi ya chura na anapenda kivuli. Binti akamweka kwenye viganja viwili, akaniambia, Baba, anatabasamu. Kisha akaniuliza kama Mungu huona hata chini ya jiwe. Nikamwambia huko ndiko anakoangalia zaidi. Sijui nililitoa wapi jibu hilo. Sijapata jingine zuri kama hilo tangu siku ile.

Basi. Chumba chake, kitupu tangu alipoondoka, kinakuwa chumba cha salamanda. Akiwaona, miguu itakuwa mizito.

Nimekwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Nimechukua aina mbili: wa majini, wenye mkia bapa, na wa nchi kavu, weusi wenye madoa ya manjano. Amesema wanataka kivuli, ubaridi, unyevu, na wasisumbuliwe. Nikamwambia isipokuwa unyevu, hata mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Matangi ya kioo yapo, rafu hazipo. Nimezunguka chumbani nikiwaza mbao nitapata wapi, kumbe mbao zenyewe zinanitazama. Kitanda. Mbao ngumu, hakuna anayekilalia. Nikapiga bismillahi, nikakata. Rafu tatu zimesimama wima kama askari. Ubao wa kichwani, ule aliobandika nyota za karatasi alipokuwa darasa la pili, nimeuweka juu kabisa. Machozi yalinitoka kidogo. Vumbi la msumeno nalo lilikuwepo.

Mke wangu alikuwa kwa dada yake. Aliporudi akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Kuna nini humo? Nikasema furaha ya mwanao. Akasema kila nikitaja furaha, yeye huishia kupiga deki.

Alhamisi, 7 Agosti

Joto. Wenye madoa wamelegea kama mboga ya jana. Nimetundika magunia mabichi dirishani na kutani, nimehamisha barafu yote ya friji. Wamechangamka. Ila unyevu ni kiumbe asiye na adabu: umepenya ukutani, umeingia kabati la mke wangu upande wa pili. Amesema nyumba nzima inanuka kisima.

Nimegeuza uso asinione nikitabasamu. Sijasifiwa hivyo siku nyingi. Ndiyo harufu yenyewe ya chemchemi.

Ijumaa, 8 Agosti

Msikitini mwili ulikuwepo, akili ilikuwa kwenye barafu. Mungu anisamehe.

Narudi, namkuta Injinia amekuja kuchungulia. Nikamfungulia mlango, akatazama rafu, akatazama matangi, akatikisa kichwa kama daktari. Wakati wa kuondoka akatia mguu kwenye kiatu, akaruka juu. Salamanda mmoja alikuwa ametoroka kutafuta mahali penye unyevu, akaona hakuna panapozidi kiatu cha Injinia. Akaniambia, shemeji, mtoto anatoka safari, ungemwekea tu kitanda kizuri na feni apumzike.

Wivu. Tena feni! Si itawakausha?

Jumamosi, 9 Agosti

Amekuja. Amekonda kidogo, amezidi kufanana na mama yake. Nikamziba macho kwa mikono, nikamwongoza, nikafungua mlango.

Akapiga magoti kwenye sakafu ya maji, na sketi yake ya ofisini, akamtoa mmoja na kumweka viganjani. Baba, akasema, kwa sauti ya miaka ile, bado anatabasamu. Tukakaa hivyo hivyo. Laiti Mungu angenichukua pale, nisingekuwa na deni na dunia.

Kisha akasema amechukua likizo ya wiki nzima. Kazi imemchosha, anatamani tu kulala kwenye kitanda chake. Akageuka huku, akageuka kule. Akauliza kiko wapi. Nikamwonyesha: kipande hiki hapa chini, kingine katikati, na kile kule juu chenye nyota.

Mke wangu akasema Yarabi, akakalia ndoo. Binti akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kidogo bila kicheko.

Jioni Injinia akaja kubeba begi. Ana chumba cha wageni. Kitanda kipana. Feni.

Jumapili, 10 Agosti

Binti yuko kwa mjomba wake. Nasikia wanavyocheka. Mke wangu haongei nami. Nguo zake zote ziko kwenye kamba.

Nimesali, nimetulia, nimejihoji kosa langu liko wapi, maana muungwana hujikosoa. Nimeliona. Salamanda wako huku, binti yuko kule. Angeweza kuliona hata mtoto.

Kesho asubuhi wote wanakwenda sokoni. Injinia huacha ufunguo chini ya chungu cha maua. Chumba chake cha wageni kina kivuli siku nzima, na feni inang'oka kirahisi. Tatizo ni rafu tu. Lakini kile kitanda nimekipima kwa macho, na ni kikubwa kuliko chetu. Zitatoka nne.