Wafagizi wa Katibu

Jumatatu, 3 Machi

Leo saa nne asubuhi nimemkabidhi Dada barua, mkono kwa mkono, jikoni. YAH: OMBI LA KUMWEKA KINYONGA SEBULENI. Aya tano, nakala kwa Shemeji. Nimefafanua kwamba sanduku la Katibu (ndivyo nimwitavyo kinyonga wangu, kwa jinsi afikiriavyo kabla ya kuinua mguu) halitahitaji kusafishwa na binadamu yeyote. Chini mna udongo hai. Ndani ya udongo mna wafagizi sitini: vile vidudu vya kijivu vyenye miguu mingi, ambavyo ukivigusa hujikunja kama kidonge. Hula kinyesi, ukungu na majani yaliyooza. Usafi wa kudumu!

Dada alifutia mikono kwenye aya ya tatu. Akasema haya, lakini Jumapili mama mkwe wake anakuja, na sebule ikinuka hata chembe, Katibu atahamia kwa Mama Miche, yule auzaye maua kando ya barabara, akaishi kwenye vichaka vyake. Shemeji aliuliza kama wafagizi wana likizo ya uzazi.

Katibu ndiye kiumbe pekee katika nyumba hii anisikilizaye nisomapo rasimu mpaka kwenye sahihi. Haondoki.

(Wafagizi wenyewe nimepewa na Mama Miche. Alishauri waachwe wazaane miezi miwili chini ya majani makavu, ndipo kinyonga aingizwe. Ushauri wa mtu asiyetarajia wageni.)

Jumanne, 4 Machi

Ratiba imebandikwa ukutani. Saa kumi na mbili kamili asubuhi: kunyunyiza maji. Matone yalipogusa tu udongo, wafagizi wote wakapanda juu kunywa. Gwaride! Katibu aliteremka hadi tawi la chini kuwakagua. Nilijihisi mkuu wa idara.

Nimewahesabu baada ya chai. Arobaini na mmoja. Bila shaka wengine wako zamu ya chini.

Alhamisi, 6 Machi

Kumi na tisa.

Katibu amekataa panzi kwa siku ya pili. Naamini ni majonzi.

Nina mshukiwa. Fundi Redio, jirani wa mlango wa pili, ana tangi la samaki ambalo Dada hulisifu kwa kutonuka, hasa nikiwepo. Jana alikuja kuazima koleo akainama juu ya sanduku kwa muda usiolingana na haja ya koleo. Samaki hula vidudu. Sina haja ya kusema zaidi. Nimesema zaidi, kurasa mbili, nikampelekea dukani kwake.

Aliisoma barua yangu mbele ya wateja wake, kwa sauti ya kuniiga. Akaniita Mheshimiwa. Akasema samaki wake wana adabu, hawali watumishi wa umma. Mteja mmoja alicheka hadi akaangusha redio aliyoileta kutengenezwa. Kisha Fundi akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi, kama nimelitazama tumbo la Katibu siku hizi, maana yeye anaona kama mimba ya mapacha. Nilimjulisha kwamba Katibu ni dume, na kwamba huzuni huvimbisha.

Koleo hajarudisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweka ulinzi binafsi. Kigoda, daftari, kalamu mbili. Saa kumi na mbili kamili nikanyunyiza. Wafagizi wakapanda.

Ulimi.

Sikuamini. Ulimi tena! Mara saba, na kila mara mfagizi mmoja akiwa na tone mdomoni. Katibu alikuwa akitafuna huku jicho moja likinitazama mimi, na la pili likimchagua anayefuata.

Shemeji alitokea mlangoni, mswaki mdomoni. Akasema, shemeji yangu, hiyo chupa yako ndiyo kengele ya chakula. Mshibishe panzi kwanza, halafu umwage maji jioni amekwisha kulala. Nilimweleza kwamba ratiba imekwisha kutiwa sahihi. Akauliza na nani. Na mimi! Akaenda kusukutua.

Nimelitafakari jambo hili kutwa. Mkosaji si Katibu. Ulimi ni maumbile. Tatizo ni kwamba wafagizi hawakukimbia. Na kwa nini hawakukimbia? Walikuwa dhaifu. Kwa nini dhaifu? Kiu. Wangenyunyiziwa mara mbili kwa siku, wangekuwa na nguvu.

Nimemsomea Katibu barua ya onyo. Alisikiliza kwa staha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Mama Miche kuomba wafagizi mia moja. Alinitazama juu ya ndoo ya mbolea. Kaka, akaniuliza, unawaajiri au unampikia? Akanifungia mia, pamoja na gunia la majani makavu na maelekezo yale yale ya miezi miwili. Gunia ni zito. Nimeliacha kwake.

Asubuhi nikanyunyiza. Jioni nikanyunyiza tena, kabla jua halijazama, Katibu akiwa macho kodo. Gwaride la pili lilihudhuriwa vizuri kuliko la kwanza.

Sebule imeanza kunuka. Mama mkwe anakuja kesho saa sita. Nimechoka.

Jumapili, 9 Machi

Wafagizi: sikuona. Vinyesi: nimeviona.

Saa tano na nusu nilichukua marashi ya Shemeji nikayapuliza ndani ya sanduku, juu yake na kwenye pazia. Mama mkwe aliingia, akaketi, akanusa. Akamuuliza Dada kama kuna bwana harusi aliyesahauliwa kabatini.

Dada alinyanyua sanduku lote mikononi. Yeye nje, mimi nyuma yake, mpaka getini. Nilisema tu, Dada, huyo ananisikiliza.

Akasimama. Akasema amekuwa akinisikia kupitia ukuta wiki nzima, aya kwa aya, na kwamba Katibu akiondoka, barua hizo atasomewa yeye. Akageuka. Sanduku likarudi. Sharti moja: kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, nitasafisha mwenyewe, kwa kijiko. Kijiko changu.

Mama mkwe alisema hukumu hiyo ni nyepesi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesafisha. Mgongo unauma. Nilipoinua kigae kilicholala juu ya udongo nikakuta wafagizi watatu, wazima, wamejikunja pamoja. Manusura! Machozi yalinilengalenga. Nikakimbilia chupa niwanyweshe.

Hakuna tena wafagizi.

Shemeji amesema kwamba mfagizi yupo, tena mmoja anatosha, na ana kijiko. Nimempuuza. Nimemwandikia Mama Miche. YAH: OMBI LA WAFAGIZI MIA MBILI. Sababu ya upungufu: kiu. Hatua zitakazochukuliwa: kunyunyiza mara tatu kwa siku.

Nimemsomea Katibu rasimu. Amesikiliza mpaka kwenye sahihi, jicho moja kwangu, jingine kwenye chupa.