Kitabu cha Mapishi cha Watoto, na Jinsi Nilivyoshinda

Jumatatu, 7 Julai

Nimeingizwa katika kamati ya chumba cha kusomea cha parokia. Siku njema. Padri wetu, Abbé Zéphirin, anataka watoto wajifunze kupika likizo hii, kwa hiyo lazima tuchague kitabu kimoja cha mapishi. Kamati ni watu watatu: yeye, mimi, na Mama Honorine, mwalimu wa darasa la tano, anayesahihisha hata matangazo ya kanisani.

Honorine ameleta kijitabu chembamba kilichopigwa chapa Lubumbashi. Michoro ya kalamu nyeusi. Bukari ya unga wa mahindi, mboga za lengalenga, maharage. Mimi nimeleta kitabu kutoka Ulaya, kizito kama tofali, picha za rangi, watoto wamevaa kofia nyeupe ndefu. Nimesema mtoto wa Kolwezi naye anastahili kofia ndefu. Honorine ameniuliza kama nimekisoma. Nimemjibu kwamba hilo ni jambo la mtu binafsi.

Jioni nimemsimulia binti yangu Mbelu. Ameuliza tu mama yake anarudi lini. Josée wangu anapikia madereva wa malori kule Fungurume tangu Pasaka. Nimemwambia Jumapili.

Jumanne, 8 Julai

Kampeni. Nimesimama mlangoni baada ya misa ya asubuhi, nikiwaonyesha wazazi picha ya keki ya ghorofa tatu. Wamevutiwa sana. Kisha Tata Kalonji, fundi wa mgodini, akaanza kusoma maandishi. Sikulitazamia hilo.

"Gaston, hapa banasema tuweke mu four. Kwetu courant inakuyaka leo, kesho haiko. Batoto batafanya namna gani?"

Nikasema tanuri na umeme ni maendeleo, na maendeleo hayamngojei mtu. Akasema courant ndiyo inayongojwa na watu. Wazazi wakacheka, wote upande wake.

Abbé alisikia. Ameamua kwamba Jumamosi watoto wagawanywe makundi mawili, kila kundi lipike kwa kitabu chake. Chakula ndicho kitakachoamua. Nimekubali kabla ya Honorine. Sijawahi kupika chochote maishani, lakini yeye hajui.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefungua kitabu changu. Nikatafuta pishi fupi kuliko yote. Mayai. Yanataka krimu, jibini, na jani linaloitwa ciboulette. Nimezunguka soko zima. Muuza mboga mmoja ameniapia kwamba ciboulette ilikuwepo jana, kisha akanifungia vitunguu.

Pigo kubwa limenikuta nyumbani. Mbelu amejiandikisha kundi la Honorine. Damu yangu mwenyewe. Nimemuuliza sababu. Amejibu polepole bila kuinua macho:

"Mama anapendaka lengalenga ya karanga. Mi nataka nimupikie siku atafika. Mu kitabu yako haiko."

Nimeitafuta tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Haimo. Nikatafuta tena kwenye faharasa.

Ijumaa, 11 Julai

Ujasusi. Nimeazima nakala ya pili ya kijitabu cha Honorine kwa kisingizio cha kukagua tahajia. Amenipa papo hapo. Mbelu alikuwa kwa jirani. Nikawasha makaa kwenye mbabula, nikafuata maagizo.

Kinasema kunja mikono ya shati. Nikakunja. Kinasema unga ukifanya madonge usiogope, uyaponde kwa mwiko pembeni mwa sufuria. Ukafanya madonge. Sikuogopa sana. Nikaunguza kidole, nikaendelea. Nimekula bukari niliyoisonga mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na sita. Nimeimaliza yote, nikiwa nimesimama.

Hitimisho: kitabu cha adui ni hatari. Yeyote anaweza kupika nacho. Lakini nimegundua pia kwamba kinaingia vizuri ndani ya kitabu changu, na mtu wa mbele hakioni.

Kesho nitashinda.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeshinda. Ilikuwa hivi.

Watu wamejaa uani mwa parokia. Nimefungua tofali langu mbele ya kundi langu, nikasoma kijitabu kilichojificha ndani, kwa sauti ya mtu aliyesoma Ulaya. Watoto wamepika lengalenga na bukari laini. Kundi la Honorine vilevile. Abbé ameonja meza zote mbili, akasifu, akaniuliza tangu lini Wazungu wanapika lengalenga. Nikasema iko katika sura ya saladi za moto. Akaomba kuiona.

Nikampa kitabu kwa mkono mmoja. Kosa. Kijitabu kikateleza, kikaangukia miguuni mwa Honorine.

Watoto ndio walioanza kucheka. Kisha wazazi. Abbé alilazimika kutafuta kiti. Honorine peke yake hakucheka. Alikiokota, akapangusa vumbi, akaona unga mkavu kwenye ukurasa wa bukari.

"Tata Gaston, ulijaribu kwako?"

Nikasema kidogo.

"Na ikaiva?"

"Ikaiva."

Nikaonyesha kidole, kama ushahidi. Akawageukia wazazi, akasema kama Tata Gaston ameweza kupika na kitabu hiki, hakuna mtoto atakayeshindwa. Makofi mengi. Tukapiga kura, kamati nzima ikakichagua, na mimi nikiwemo. Kura bila mpinzani. Kamati hii haijawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya milango. Bila mimi isingewezekana.

Jumapili, 13 Julai

Josée amefika mchana, nguo zimejaa vumbi la barabara ya Fungurume. Mbelu alipika lengalenga ya karanga. Mimi nilisonga bukari. Josée akamega, akatafuna, akauliza nani amesonga. Mbelu akasema, "Tata."

Josée akanitazama. Akatazama kidole changu. Akala, akasukuma sahani mbele.

"Muniongezee."

Baadaye, tukiosha vyombo, Mbelu ameniuliza kama juma lijalo tutajaribu maharage. Ameniuliza mimi, si Mama Honorine. Nilijibu kwamba nitatazama ratiba yangu. Kisha nikasema ndiyo, kabla hajaondoka.

Jumanne, 15 Julai

Sifa zangu zimevuka mji. Parokia moja ya Mutshatsha inataka kuwafundisha watoto kushona, na inatafuta mtu wa kuisaidia kuchagua kitabu. Honorine amewatajia jina langu. Ameniomba nianze kwa kushona kifungo kimoja nyumbani, nione kama maelezo yanafuatika. Nimemshukuru, nikamwambia mtu mwenye uzoefu kama wangu hahitaji hayo.

Sijawahi kushika sindano. Lakini kitabu nimekwisha kukichagua. Jalada lake ni la ngozi.