Nafasi Moja ya Rotterdam

Jumamosi, 5 Desemba 1970. Sidab.

Nimekata shauri. Nakwenda Rotterdam. Daktari kaniambia jana kwamba moyo wangu umevimba, na nikiiona Idd ya kuchinja nishukuru. Nikamuuliza kama mwenye moyo wa namna hiyo anaweza kupanda meli. Akacheka. Sikukusudia mzaha!

Mdogo wangu Ishaq yuko huko, anafanya kazi ghala la bandarini. Nna neno la kumwambia kabla sijafa. Ana kwa ana.

Kosa la asubuhi: nilimwambia binti yangu Nasriya, taratibu, kiungwana, "Mwanangu, nna safari." Akaangua kilio. Kabla ya adhuhuri nyumba imejaa watu. Jirani yetu Bi Bakhita kaja na chetezo, kakaa miguuni pangu, kanitaka radhi kwa ajili ya kuku wangu aliyepotea mwaka wa sitini na sita. Kumbe yeye! Miaka minne namlaani paka wa watu. Nikawaambia ni safari ya meli, ya Ulaya. Wakatazamana. Bi Bakhita akanong'ona kwamba ndivyo wanavyoanza, huona chombo kinakuja kuwachukua.

Nasriya alipofahamu alifuta machozi akakasirika. Chooni kwenyewe siendi ila nishikwe mkono, akasema, huko Ulaya nitashikwa na nani?

Jumapili, 6 Desemba.

Ratiba ya ziara. Nimesomesha jiografia skuli za Unguja miaka thelathini na moja. Rotterdam nimeichora ubaoni mara mia: mto Rhine, makaa, chuma, ngano. Lakini ile ni ya kabla ya vita. Ishaq anasema mabomu yaliifuta, wakaijenga upya kwa vioo. Treni inapita chini ya mto na abiria hawalowi! Upo na mnara, mtu anapandishwa juu kwa lifti kama bwana.

Siku ya kwanza, kupumzika. Ya pili, mnara. Ya tatu, treni. Ya nne, kumwambia Ishaq. Nimefuta. Mtu hasemi jambo kama lile na hata bandari hajaiona. Ya nne, bandari. Ya tano, bandari upande wa pili. Kufika alasiri neno langu na Ishaq limeshasogea hadi siku ya kumi na mbili, nikiwa nimeshapanda meli ya kurudi na honi inalia.

Ratiba nzuri sana.

Jumatatu, 7 Desemba.

Nimekwenda Mina al-Fahal kwa gari la samaki. Meli za mafuta hupakia pale, zikazunguka Afrika nzima kwa kuwa mfereji wa Suez umefungwa, hadi Rotterdam. Kijana Majid ni karani pale. Aliziba pua kwa adabu akaniambia meli ya Jumatano ya wiki ijayo ina chumba kimoja cha abiria, na wakubwa wamekubali kukitoa bure, kwa hisani. Alhamdulillahi! Kisha akasema kimeshapata mtu. Ami yake. Mahfoudh!

Mahfoudh huyu alisomesha hesabu skuli moja na mimi. Alikuwa akiwaambia walimu kwamba jiografia si somo, ni umbea wa nchi za watu. Sasa macho yameingia ukungu, hata uso wa mkewe haoni. Huko Rotterdam yuko daktari aliyekubali kumpasua. Akifika kabla Januari haijesha, jicho moja litapona. Akichelewa, yote mawili basi.

Yeye jicho. Mimi nafsi nzima! Nani mwenye haki?

Jumanne, 8 Desemba.

Hila ya kwanza. Nimemtembelea Mahfoudh, nimemweleza baridi ya Uholanzi kitaalamu. Nikasema mwezi wa Januari watu huanguka pua njiani. Akanijibu kwamba akirudi na jicho, pua hana haja nayo. Nikamwambia kila chakula huko kina nguruwe. Akasema atakula mkate. Nikasema na mkate. Akacheka mpaka akakohoa, akamwambia mkewe alete halua, Maalim Harub leo kachangamka.

Halua ilikuwa nzuri. Nimekula sana. Moyo ulipiga vibaya njia nzima.

Jumatano, 9 Desemba.

Hila ya pili. Nimemwita Majid nyumbani, nikazimia mbele yake ili anihurumie. Nilianza kwa kujifanya. Katikati ikawa kweli. Nilipozinduka nilimsikia akimwambia Nasriya kwamba mzee huyu hata Matrah hafiki, seuze Ulaya. Mjinga! Ameondoka leo hii kwa kazi ya jangwani, harudi hadi baada ya wiki mbili.

Nasriya kaniuliza kwa nini nisimwandikie Ishaq barua. Nikasema Ishaq skuli aliikimbia, hajui kusoma. Barua zake huandikiwa na kusomewa na Msomali mmoja wa ghalani. Siri ya nyumba haipiti kinywani mwa mgeni. Akaniuliza siri gani. Nikaomba maji.

Alkhamis, 10 Desemba.

Sikuinuka kitandani. Basi naandika, maana daftari halina kinywa.

Januari ya sitini na nne, baada ya mapinduzi, tulikuwa tumejificha mimi na Ishaq katika stoo ya karafuu. Telegramu ikaja kutoka kwa ami yetu Thani, huku Maskati. Ya Kiingereza. Ishaq akanipa niisome, kama alivyonipa kila karatasi tangu utotoni. Ilisema kapata kibali na nafasi ya mtu mmoja melini, aje Ishaq, kuna mashine za kutengeneza. Ishaq! Aliyekimbia skuli! Mimi mkubwa, mimi niliyesoma, sikutajwa hata kwa salamu.

Nikamsomea, "Aje Harub."

Akanikumbatia. Akanipa na viatu vyake, vyangu vilikuwa vimepasuka.

Ami Thani aliponiona bandarini alitazama nyuma yangu. Akauliza Ishaq yuko wapi. Nikasema kakataa kuja. Ami amekufa akiamini hivyo. Ishaq walimkamata siku tisa baadaye. Miezi kumi na minne ndani. Alitoka bega limevunjika, mkewe kafa, akaokota kazi ya tanuri la meli mpaka akatupwa Rotterdam. Kila Idd ananiletea barua. Kila Idd anamshukuru Mungu kwamba angalau kaka yake alinusurika.

Nimeandika. Nikilipata sikio lake, nikamtamkia, nitakufa mtu safi. Wallahi sitomfanyia kiumbe tena jambo kama lile.

Jumamosi, 12 Desemba.

Mahfoudh kaja, mkewe kamshika mkono mpaka mlangoni. Kaleta fomu ya meli. Ya Kiingereza. Majid yuko jangwani na wakubwa wanaitaka leo. Akasema Maskati nzima hakuna mwandiko kama wangu, na kwamba ule utani wa jiografia nimsamehe, mtu anakwenda kupasuliwa, hajui atarudi vipi. Nikasema nimemsamehe.

Nikachovya kalamu. Fomu inataka jina, umri, mahali pa kuzaliwa. Akatega sikio, anasikiliza kalamu ikikwaruza. Akauliza, "Umeandika, Maalim?" Nikasema nimeandika. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea, "Mahfoudh bin Aflah." Akatabasamu. Akauliza atie sahihi wapi. Nikamwambia Wazungu wa siku hizi hawataki sahihi, wanatazama sura tu.

Nikatia yangu.

Alinishika mikono yote miwili, akaniombea umri mrefu. Fomu nimempa mwenye gari la samaki aifikishe.

Ratiba imebadilika. Ishaq nitamwambia siku ya kwanza, hata mnara sijaupanda. Nikishapata radhi yake, papo hapo nitakaa nimwandikie Mahfoudh barua ndefu, nimweleze kila kitu, nimtake radhi na yeye. Kuisoma hatoweza, lakini si neno. Atatafuta mtu aliyesoma, mwaminifu, amsomee.