Njia ya Theodori

Jumatatu, 4 Aprili 2022
Habari njema! Mwenyekiti wa mtaa, Mama Fausta, kapita na daftari. Kila njia hapa Kibaoni lazima iwe na jina na kibao. Yetu haina. Wakazi tutapiga kura Ijumaa, saa nane mchana. Jina liko wazi: Njia ya Theodori. Nani mwingine? Nina mabinti wanne, wote wameolewa. Nikifa, jina langu litabaki kwenye msalaba wa kaburi tu. Hilo linaniuma, nasema kweli.

Jumanne, 5 Aprili
Tatizo. Twalib mwenye duka anataka Njia ya Yunusi, eti marehemu baba yake alifungua duka la kwanza hapa. Duka! Mimi nilichimba mfereji unaotuokoa na mafuriko. Mke wangu, Restituta, kanikumbusha kuwa walichimba wengine, mimi nilikuwa nasimamia. Kusimamia ni kazi!

Alhamisi, 7 Aprili
Akili hizi sijui nimezitoa wapi. Nachinja mbuzi! Watu wakila, mikono itanyooka yenyewe. Nimemwomba Twalib mwenyewe achinje, ili Waislamu wale bila wasiwasi. Kaniuliza mara mbili kama kweli ni Ijumaa mchana. Nikasema ndiyo. Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Maskini, kakubali kushindwa. Restituta naye kauliza kama najua kesho ni siku gani. Nikamjibu ni siku yangu.

Ijumaa, 8 Aprili
Aibu! Masufuria mawili ya pilau, mbuzi mzima, na hakuna aliyegusa. Waislamu wamefunga, ni Ramadhani. Nikawageukia Wakatoliki wenzangu. Mzee Viktor akauliza tangu lini Mkatoliki anakula nyama Ijumaa ya Kwaresima. Na mimi ni mwanakwaya, miaka ishirini! Mwaka huu mifungo miwili imekutana, nami nimepika katikati yake.
Kura ikaja. Yunusi mikono mitatu. Theodori mmoja, wangu. Ndipo Sikitu muuza vitumbua akapaza sauti kwamba iitwe Njia ya Mbuzi. Mikono yote juu, hata wa Twalib. Hata wa Restituta!
Magharibi Waislamu walikuja na mabakuli, wakafuturu kwangu. Pilau waliisifia, hilo lazima niliandike.

Jumatano, 13 Aprili
Kibao kimesimikwa mbele ya nyumba yangu. NJIA YA MBUZI. Mwanzoni machozi yalinilenga. Kisha nikawaza: mbuzi wa nani? Wangu! Leo mgeni kauliza asili ya jina, na Twalib mwenyewe akamsimulia. Kanitaja mara nne, akicheka kwa wivu. Vitukuu wetu watauliza mbuzi huyo alikuwa wa nani, na watajibiwa: wa Theodori.
Njia ya nyuma bado haina jina. Nimemwomba Mama Fausta mkutano uwe keshokutwa mchana. Ni Ijumaa Kuu, hakuna kazi, watu wote watakuwepo. Nimeshaagiza mbuzi wawili.